Kipande cha Nne

Maabarani walimwita Wembe, na si kwa sababu ya ulimi wake, ingawa nao haukuwa butu. Ni mkono wake uliompatia jina. Kazi yake ilikuwa kukata nyama za watu ziwe nyembamba kiasi kwamba ukipanga vipande kumi na tano, kimoja juu ya kingine, bado hupati unene wa unywele mmoja. Watu wakiambiwa hivyo husema "mh!" kisha huhamia mazungumzo mengine. Hawajui wanachokosa.

Nyama yenyewe huja ndani ya kichupa chenye dawa ya kuhifadhi. Ni vipande vichache tu, kila kimoja kama punje ya mchele, vimenyofolewa kwa mtu ambaye saa hiyo yuko nyumbani, hali wala halali, akisubiri. Hukaushwa maji, huzamishwa kwenye nta iliyoyeyuka, nta inaganda, na unabaki na kitofali cheupe kilichoandikwa namba. Wembe hukifunga kitofali kwenye mashine na kuzungusha mpini, na kila mzunguko kisu huachia utando ambao ukiupumulia vibaya tu umekwenda. Huunyanyua kwa brashi, huuweka juu ya maji ya uvuguvugu kwenye beseni dogo jeusi, nao hujinyoosha wenyewe, mikunjo yote ikaisha. Kisha hupitisha kioo kwa chini na kuuopoa. Ndipo zinapofuata rangi.

Kuna jambo moja kwenye kazi hiyo ambalo halina msamaha. Ukimaliza kitofali kimoja, kabla hujagusa kingine, unafagia maji. Unaburuta karatasi laini juu ya beseni, ukingo hadi ukingo, iondoke na kila kilichobaki. Kisipoondoka, kijipande cha mtu wa kwanza kinaweza kupanda kwenye kioo cha mtu wa pili, na hapo umempa mtu ugonjwa wa jirani yake. Wembe ndiye aliyewafundisha wenzake wote jambo hili, na alilifundisha kwa ukali. Kwa miaka kumi na minne hakuna siku aliyofanya kazi bila karatasi hiyo kando ya mkono wake wa kushoto.

Sasa, baba yake alikuwa fundi rangi. Miaka thelathini na mmoja alisimama mbele ya mapipa ya kiwanda cha nguo, akitumbukiza majora meupe na kuyatoa mekundu, ya kijani, meusi. Kiwanda kilishafungwa zamani, milango yake imeota kutu, lakini wazee wa rangi walikuwa bado wapo, na mmoja baada ya mwingine walianza kukojoa damu. Baba alikojoa damu miezi minne bila kumwambia mtu. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kama anayejibu swali la kitoto.

"Kazini tulikuwa tunakojoa kijani, mama. Siku nyingine zambarau. Nani alikimbilia hospitali?"

Hospitali ikaamua kuwaita wazee wote wa rangi, wapimwe kwa zamu. Mrija mwembamba wenye taa unaingizwa mpaka kwenye kibofu, daktari anatazama, akiona kitu ananyofoa kidogo. Baba alipangiwa Jumatatu asubuhi, wa kwanza. Rafiki yake Nili alifunga zamu ya Ijumaa jioni iliyotangulia, wa mwisho kabisa.

"Mimi nafunga, wewe unafungua," Nili alimwambia. "Kama duka."

Huyo Nili jina lake halisi hata mkewe marehemu hakulitumia. Alisimamia pipa la nili, ile rangi ya buluu, tangu kijana, nayo ilimwingia kwenye kucha ikakataa kutoka. Wembe alimwita baba mdogo, ingawa hawakuchangia hata tone la damu. Wazee wale wawili walikuwa wametaniana kwa miaka arobaini bila mmoja kushinda.

Kitofali cha baba kilipofika mezani, Wembe aliijua namba kwa sababu kichupa alikipokea yeye mwenyewe. Fundi mwenzake alisogea akanyoosha mkono.

"Niachie hicho, dada. Si vizuri."

"Baba yangu hakatwi na mkono mwingine."

Alisema hivyo kwa kiburi, na kilikuwa kiburi cha mapenzi, ambacho ndicho kibaya zaidi kwa sababu mtu hakishuku. Akafunga kitofali. Akazungusha mpini. Wazo la nyama hii ni ya nani likamjia, akajisemea acha ujinga, akakata, akaulaza utando majini, akaopoa. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Alipomaliza, jasho lilikuwa limemlowesha mgongoni, akaenda kunawa uso.

Jumatano daktari wa darubini alimwita chumbani kwake akafunga mlango. Huyu alikuwa mama mfupi, mwenye maneno mengi, na siku hiyo hakuwa nayo.

"Imeingia kwenye msuli," alisema.

Wembe alijua maana yake, hakuhitaji kuelezwa. Saratani ya kibofu ikikaa juu juu, inakwanguliwa. Ikishuka mpaka kwenye msuli, kibofu chote kinatolewa, tumboni linatobolewa tundu, na mkojo unatokea hapo ukiingia kwenye mfuko, siku zote za maisha. Daktari wa upasuaji alipanga siku: Jumatatu ya wiki ya tatu. Wembe ndiye aliyepeleka habari nyumbani, na baba alimsikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, kisha akauliza mfuko huo ni wa rangi gani.

Siku zilizofuata Nili alikuja kila alasiri. Aliketi kwenye benchi nje ya mlango, akaanza shughuli yake ya kumchokoza mgonjwa.

"Ukiwekewa mfuko, bwana, tumepona. Hatutakusubiri tena kwenye kila kichaka. Utakwenda moja kwa moja kama lori la maji."

"Na wewe? Majibu yako yakoje?"

"Mimi? Safi! Wamechungulia wakakuta buluu tupu."

Wakacheka mpaka baba akashika tumbo. Wembe, aliyekuwa ndani akipasi, alimshukuru Nili moyoni. Alifikiri: angalau mmoja kasalimika.

Lakini baba usingizi ulimpaa, na siku ya saba alitoa ombi lake.

"Nataka niione."

"Uone nini, baba?"

"Hiyo kitu. Miaka thelathini na mmoja hakuna jora lililotoka kwenye pipa langu bila mimi kulitazama kwenye mwanga. Leo nikatwe kwa kitu ambacho sijakiona?"

Ukimjua mzee yule, ungejua hapo mjadala umekwisha. Ijumaa asubuhi, siku ya tisa tangu apewe habari, alifika maabarani amevaa koti lililopigwa pasi, viatu vinang'aa. Daktari alimwamkia shikamoo, akaitikia, akaketishwa mbele ya darubini yenye macho pande mbili, ili yeye na daktari watazame kitu kimoja kwa wakati mmoja. Wembe alisimama nyuma yao, mikono kifuani.

"Usifumbe jicho, mzee wangu. Fungua yote mawili. Sogea kidogo. Umeona?"

Mabega ya baba yalishuka, mdomo ukafunguka, na kwa muda mrefu hakusogea. Wembe alimwangalia na akakumbuka siku yake ya kwanza kwenye kiti kama kile. Mtu anadhani ataona uchafu, ataona kidonda. Anakuta bustani. Anakuta waridi na zambarau, vitone kwa maelfu vimepangwa kwa ustadi ambao hakuna fundi angeuweza, na anaambiwa hivi vyote ni wewe.

"Hii zambarau," baba alisema hatimaye, sauti ikiwa chini. "Mnaitoa wapi?"

"Kwenye mti, mzee. Unakatwa, moyo wake unachemshwa..."

"Mti wenye moyo mwekundu. Tulipata nyeusi ya sare kwa mti huo! Mnaishikiza na nini? Shabu?"

"Shabu."

Baba akacheka peke yake, kicheko kilichokaribia kuwa kilio. "Rangi imeniumiza, na rangi ndiyo inaniumbua."

Hapo daktari alirudiwa na maneno yake yote. Alikuwa na mwanafunzi anayejua shabu, na alifurahi waziwazi.

"Tazama hapa. Huu ndio utando wa ndani wa kibofu chako, sehemu iliyo nzima. Safu sita, saba za seli. Kila seli ina kile kitone cha zambarau, ndicho kiini. Ndani yake kuna uzi. Uzi wa seli moja, mzee wangu, ukiunyoosha unafika mita mbili. Unanizidi mimi kwa kimo, tena kwa mbali!"

"Ndani ya kitone hicho?"

"Ndani ya hicho. Na uzi wote umeandikwa, herufi bilioni sita. Namna ya kutengeneza jicho imo. Namna ya kutengeneza ukucha, moyo, unywele. Seli ya kibofu inazo habari za jicho, lakini inanyamaza nazo, inafanya ya kibofu. Ikizeeka, inajua pia namna ya kufa, inapisha wenzake. Kila siku zinakufa kwa mabilioni mwilini mwako, na wewe unakunywa chai."

Baba aliinua uso, akaitazama mikono yake mwenyewe pande zote mbili, akarudi kwenye darubini.

"Sasa rangi ilifanya nini?"

"Uliivuta kwa pua. Ilipita kwenye ngozi. Ini likajitahidi kuiyeyusha ili itoke na mkojo, na mkojo unakaa wapi? Unakaa kibofuni, saa mbili, saa tatu, ukigusa utando huu. Baadhi ya zile rangi zinaushika huu uzi. Zinashika kabisa, kama..."

"Kama kwenye pamba."

"Kama kwenye pamba. Hapo seli ikija kujigawa na kunakili maandishi, inakosea. Herufi moja hapa, moja kule. Siku nyingine inakosewa herufi ya kusema simama. Nyingine, ile ya kusema sasa kufa."

"Haifuliki?"

"Inafulika! Hapo ndipo mimi mwenyewe huwa nachoka kabisa kwa kustaajabu." Daktari aliacha darubini akamgeukia. "Seli ina mafundi wake humo humo. Wanapita kwenye uzi, wanapapasa, wakikuta pabovu wanakata, wanashona upya. Ikishindikana, seli inajiua yenyewe. Mwili wako umefanya hivyo kwa miaka thelathini kila ulipotoka kazini, bila wewe kujua. Inatakiwa makosa mengi yaangukie seli moja, tena mahali pabaya, ndipo ipatikane moja tu isiyosikia. Miaka inapita. Ndiyo maana mnaugua leo na kiwanda kimeota kutu."

Baba akauliza lile swali ambalo Wembe alijua linakuja, kwa maana kila mtu huliuliza.

"Kwa hiyo nimejitakia? Ningevaa glavu?"

"Mlipewa?"

"Glavu za nini."

"Basi. Na wapo waliovaa glavu, hawakugusa sigara, hawakugusa rangi, wakaugua. Herufi hukosewa zenyewe pia, seli inapojigawa. Kuna sigara, kuna jua, kuna rangi, na kuna bahati tu, mzee wangu. Bahati nayo imo."

Kisha akasogeza kioo, na Wembe kutokana na mlio wa chuma cha darubini alijua anakwenda wapi: kwenye kile kipande cha mwisho, kule ukingoni mwa kioo. "Na hii ndiyo yenyewe," daktari alisema. Safu zilikwisha. Viini vilikuwa vikubwa, vyeusi, kila kimoja na sura yake, vimesukumana na kupenya katikati ya nyuzi za msuli. Katikati yao seli moja ilikuwa imenaswa ikijigawa, uzi wake umevutwa pande mbili, tayari kuwa mbili. Ilinaswa hivyo siku iliponyofolewa. Haikupata nafasi ya kumaliza.

"Haikuingia kutoka nje," daktari alisema kwa upole. "Si mdudu. Ni mwili wenyewe, umesahau kuacha."

Wembe alisubiri baba aondoe macho kwenye darubini. Hakuondoa.

"Rudi nyuma," baba alisema. "Pale pa kwanza... Sasa nenda mbele. Rudi tena."

Daktari akafanya kama alivyoambiwa, mara tatu, mara nne.

"Daktari, sitaki kukukosea adabu. Hivi vitatu ni vya jora moja. Hiki cha nne si cha jora hili."

"Mzee wangu..."

"Sikia. Ukitia nguo mbili pipa moja, dakika zilezile, joto lilelile, hazitoki sawa kama hazikuandaliwa sawa. Moja imelowekwa sana, nyingine kidogo. Macho yangu yamekula kazi hiyo. Ona buluu iliyo ndani ya zambarau ya hiki, ina vumbi. Na waridi yake imelewa, imekolea kupita kiasi. Vile vitatu vina buluu safi. Hiki kimelowekwa mahali pengine, muda mwingine."

Daktari alianza kutabasamu, tabasamu lile la kumhurumia mtu anayekataa habari mbaya. Wembe hakutabasamu. Alikwenda kwenye kabati, akavuta daftari la kupokea vichupa, akapitisha kidole mpaka kwenye namba ya baba. Maandishi yalikuwa yake mwenyewe: vipande vitatu.

Akairudia siku ile akilini, hatua kwa hatua. Kitofali kilichotangulia, akakimaliza. Mwenzake akanyoosha mkono, akamjibu kwa kiburi. Akafunga kitofali cha baba. Karatasi ilikuwa pale, upande wa kushoto.

"Daktari," alisema. "Sikufagia maji."

Daktari alimtazama kama asiyemtambua.

"Wewe?"

"Mara moja tu. Ilikuwa ya baba."

Angeweza kusema mengi, kwamba hofu ilimzidi, kwamba alikuwa hajalala. Hakusema. Alimtazama baba yake, mtu aliyekuwa akatwe Jumatatu kwa sababu binti yake alimpenda kupita kiasi cha kumwachia mwingine, na machozi yakamshuka bila sauti.

"Nami nilikuwa na macho," daktari alisema taratibu. "Nilikazana na seli, nikasahau kuhesabu vipande. Leta kitofali."

Wembe alikata upya mbele yao. Alifagia maji mara tatu, ukingo hadi ukingo. Baba alivuta kiti akakaa karibu na beseni, kofia mapajani. Utando ulitua juu ya maji, ukajikunjua, na ndani yake vikaonekana vivuli vitatu vidogo. Vitatu. Akakata mwingine, na mwingine. Vitatu.

"Huyo ni mimi?" baba aliuliza, akiinama.

"Ndiyo, baba. Usipumue sana."

Baba akabana pumzi kama mtoto, akijitazama anavyoelea.

Rangi zilichukua karibu nusu saa. Daktari alitazama kwa muda mrefu, akasogeza kioo kila upande, kisha akakaa wima. Saratani ilikuwapo, hilo hakumficha. Lakini ilikuwa imeota juu juu, mashina membamba yenye vitawi, na chini yake utando ulikuwa mzima, haujaguswa. Ingekwanguliwa kwa mrija uleule, naye angerudi kuchunguzwa kila miezi mitatu. Kibofu chake angebaki nacho.

"Alhamdulillahi," baba alisema, kisha akafumba macho.

Daktari alikuwa ameshachukua kioo cha kitofali kilichotangulia, akakiweka kando ya kile chenye makosa. Buluu yenye vumbi, waridi iliyolewa, viini vilevile vikubwa katikati ya msuli. Aliongea na Wembe, kama walivyozoea, akasahau kwamba mzee yupo.

"Ndicho hiki. Kimelala kwenye dawa wikiendi nzima, ndiyo maana kimebadilika. Majibu yake yalitoka sahihi, namshukuru Mungu. Ila mwenyewe alipangiwa kumwona daktari wa upasuaji, hakutokea. Wamempigia, hapokei."

Wembe alimwona baba yake akifumbua macho. Wikiendi nzima. Cha mwisho Ijumaa. Mimi nafunga, wewe unafungua. Alifika mahali hapo wakati uleule alipofika baba yake, na wote wawili wakageuza nyuso zao upande mwingine.

Aliandika taarifa ya kosa lake kwa mkono wake, akatia sahihi, akaipeleka ofisini kabla hajaitwa. Daktari akampigia simu mwenzake wa upasuaji kufuta upasuaji wa baba. Yote hayo yalipokwisha, baba alikuwa bado amesimama nje getini, akimsubiri.

"Usiniambie kitu," baba alisema. "Kazi yako ina siri zake na mimi sikuulizi. Nisindikize tu."

Walitembea kuelekea kwa Nili. Wembe alitaka kumwomba radhi, akajaribu mara mbili, na mara zote mbili baba alimbana mkono kidogo, basi, yaishe. Furaha ilikuwapo kati yao, ila hawakujua waiweke wapi.

Nili alikuwa kwenye kiti mlangoni pake, akikata kucha kwa mkasi mdogo. Aliwaona akapaza sauti.

"Lori la maji hilo linakuja! Umekuja kuniaga kabla ya Jumatatu?"

"Jumatatu si yangu," baba alisema.

Mkasi ukasimama.

"Yangu ni ndogo, Nili. Ile kubwa ilipanda kwenye kioo changu kwa makosa. Nimelala nayo siku tisa nikidhani ni yangu."

Nili alimgeukia Wembe.

"Sijasema kitu, baba mdogo. Na mpaka leo asubuhi sikujua."

Nili alijaribu kucheka, kicheko kikagoma njiani. Aliweka mkasi chini kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba ungevunjika.

"Ulikuwa na yako," alisema. "Ningekuja hapo kwenye benchi nikuongezee na yangu? Halafu... mimi ule mfuko siutaki. Nimekaa na mwili wangu miaka sabini na miwili. Niufungie mfuko?"

"Mimi nilishaufunga. Siku tisa, kichwani. Nilishachagua hadi suruali. Siku ya kwanza nililia, ya pili nikalia, ya sita nikaanza kuulizia bei ya sabuni. Unazoeleka, bwana. Nimekutangulia, nimeona njia inapitika." Baba akavuta kigoda akakaa mbele yake, magoti yakakaribia kugusana. "Saa nzima leo nimeitazama. Nimeiangalia vizuri kuliko wewe utakavyowahi kuiangalia."

Wembe alisimama kando. Kidole gumba cha Nili kilikuwa kinasugua ukucha wa kidole cha shahada, pale buluu ilipokuwa nzito zaidi.

"Ikoje?" aliuliza.

"Nzuri."

"Acha utani wako."

"Sina utani. Nzuri ya kutisha. Viini vikubwa, zambarau iliyokaribia nyeusi, ile tuliyokuwa tunaikosa kila mara. Seli moja nimeikuta inajigawa, Nili. Imenaswa hapo hapo katikati. Ina nguvu, haisikii, haijui kuacha. Nikasema moyoni, huyu ni nani mkaidi hivi? Sasa nimejua."

Nili akacheka. Safari hii kilitoka chote, kikamtikisa mabega, na kilipokwisha uso wake ulikuwa umelowa. Aliufuta kwa kiganja.

"Na ule msuli wanaousema?"

"Imefika," baba alisema. "Sikudanganyi. Imefika kwenye msuli. Kwa hiyo usiseme kesho wala keshokutwa."

"Kitanda cha Jumatatu kiko wazi, baba mdogo," Wembe alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini ilifika. "Kilikuwa cha baba. Nikipiga simu sasa hivi, watakushikia."

Nili alinyoosha vidole vyote kumi mbele yake akavitazama, kimoja kimoja, kama anayekagua jora kabla ya kulipitisha. Kisha akainuka, akaingia ndani, na wakamsikia akisogeza vitu chini ya kitanda. Alirudi na begi dogo la safari, akalipiga vumbi mara mbili kwenye nguzo ya mlango.

"Saa ngapi?" aliuliza.